Ndoo ya Mlangoni

Tarehe 16 Machi 2020, Waziri wa Afya wa wakati ule, Ummy Mwalimu, alipoutangazia umma kuwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini amebainika Arusha, Songea ilikuwa mbali kwa masafa, walakini haikukawia kuzipokea tahadhari zake. Na kama ilivyokuwa katika miji mingine ya Tanzania, ndoo zenye koki ziliwekwa milangoni mwa maduka, ofisi na nyumba za ibada, na mafundi cherehani wakashona barakoa za kitenge. Leo barakoa zimetoweka nyusoni, na Shirika la Afya Duniani lilikwishatangaza, tarehe 5 Mei 2023, kuwa dharura ya ulimwengu imekoma.

Simlaumu aliyeivua. Barakoa ya kitambaa huzuia hasa mate yamrukayo mvaaji anapokohoa au kusema, hivyo taabu ni yake na faida kubwa ni ya jirani, na jambo la namna hiyo ni vigumu kudumu hofu ikishapoa. Hata hivyo, natamani desturi ile ibaki kwa mtu aliyekohoa majuma mawili au zaidi, ambaye huenda ana kifua kikuu, aingiapo katika chumba cha kumngojea tabibu. Kwa maana vijidudu vya maradhi hayo husafiri hewani, na mji wetu, ulioinuka zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, una baridi mwezi wa Juni na Julai, madirisha yakafungwa na watu wakashiriki pumzi moja.

Kinachonisikitisha ni ndoo zilizoachwa zikauke. Mikono michafu ilileta kuhara na kipindupindu kabla ya korona, na ingali ikileta. Maji matupu hayatoshi: sabuni hubandua mafuta na uchafu ulioshikamana na vijidudu, na kirusi cha korona, kilichovikwa utando wa mafuta, huraruliwa nayo, mradi mikono isuguliwe kwa sekunde 20 hivi, hata katikati ya vidole na chini ya kucha. Kunawa kabla ya kula tumekurithi tangu kale. Ila aghalabu ni bakuli moja kwa watu wengi, bila sabuni, na wa mwisho hujipaka uchafu wa wenziwe.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Elimu ile ilifuatana na kazi. Sisi mabango tunayo. Tunachokosa ni mtu aliyekabidhiwa kuijaza ndoo kila asubuhi, na bwana afya wa kata wa kumwuliza endapo imekauka. Na pasipo bomba, kipo kibuyu chirizi, ambacho mtu hukiinamisha kwa kukanyaga kijiti, asikiguse kwa mkono: dumu kuukuu, kamba, vijiti vichache, na kipande cha sabuni kilichotungikwa kando yake.