Je, Wajua? Likizo Chini ya Paa la Tembe

Je, wajua kwamba nyumba ambazo familia za Uingereza hulipa fedha nyingi kulala wakati wa likizo, nyingi zimejengwa kwa udongo, fito na nyasi? Tunazijua kwenye kalenda na picha za ukutani: nyumba ndogo ya shamba, chokaa nyeupe, maua mlangoni, paa nene la nyasi. Bandua chokaa uone kilicho ndani. Kati ya nguzo za mbao kuna fito zilizosukwa, na juu yake udongo uliokandwa pamoja na majani makavu, nywele za wanyama na samadi ya ng'ombe. Nyumba aliyokulia Anne Hathaway, mke wa Shakespeare, kijijini Shottery, ina kuta za aina hiyo, na sehemu zake za kale zimevuka miaka 500. Shirika linalotunza urithi wa Shakespeare liliinunua mwaka 1892, na mpaka leo watu hutoka pembe zote za dunia kwenda kuiona. Ndiye Shakespeare yuleyule ambaye Mwalimu Nyerere alitutafsiria Mabepari wa Venisi mwaka 1969.

Katika jimbo la Devon hakuna hata fito. Ni udongo mtupu na majani, umerundikwa tabaka juu ya tabaka mpaka ukuta ukafikia unene wa nusu mita na zaidi. Mafundi wa huko wana kanuni moja: nyumba ya udongo ipewe viatu vizuri na kofia nzuri. Viatu ni msingi wa mawe unaozuia maji ya chini. Kofia ni paa lililotokeza nje ili mvua isiuguse ukuta. Ukivipata hivyo viwili, nyumba yako itawazika wajukuu zako.

Mtu wa Chamwino, Bahi au Mpwapwa mkoani Dodoma akisikia habari hizo hahitaji kuelezwa zaidi. Hiyo ni nyumba ya kwao, ila imevaa kofia nyingine.

Je, wajua kwa nini tembe, nyumba hiyo ya jadi ya Wagogo, lina paa bapa? Jibu liko mawinguni. Dodoma iko kwenye uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na mvua yake ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 600. Miezi inayobaki ni jua na upepo. Paa la mteremko lingekuwa gharama ya bure, tena lingekuwa tanga la kubebwa na upepo. Kwa hiyo mjenzi hulaza boriti juu ya nguzo zenye panda, akapanga fito na matawi, akatandika nyasi, kisha akamwaga udongo na kuushindilia. Kuta hukandikwa kwa udongo, na nyumba huwa fupi kiasi kwamba mtu mzima anaweza kuegemeza kiwiko chake ukingoni mwa paa. Mchana wa jua kali ndani kuna ubaridi. Usiku wa Juni na Julai, upepo wa Dodoma unapomtafuta mtu mpaka mifupani, ndani kuna joto.

Na paa lenyewe halikai bure. Mavuno yanapoingia, juu yake huanikwa mtama, uwele, karanga na mboga za kukausha. Ni uwanja wa pili wa nyumba, ambao mbuzi haufikii kwa urahisi.

Ramani ya tembe ndiyo inayonivutia kuliko vyote. Vyumba hupangwa mstari, mstari ukakunja kona, ukakunja tena, mpaka ukauzunguka ua wa katikati. Ua huo ndio zizi. Ng'ombe hulala katikati, watu wakiwa pembeni yao pande zote, na kila mke ana mlango wake na vyumba vyake. Simba au mwizi akitaka ng'ombe, sharti apitie kwa wenye nyumba. Mwanamume akioa, au mwana akikua, mstari hurefushwa. Unaweza kuisoma familia kwa kuutazama ukuta. Wagogo si peke yao katika ujenzi huu: Wahehe, Warangi, Wasandawe na Wanyaturu nao walijenga matembe, na Wairaqw wa Mbulu walichimba kilimani hata nyumba ikawa nusu ndani ya ardhi.

Je, wajua kwamba mgeni maarufu kuliko wote kulala kwenye tembe la nyanda hizi alikaa miezi akisubiri wapagazi? David Livingstone alifika Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora mjini, mwezi Februari 1872 akiwa na Henry Stanley, baada ya wawili hao kukutana Ujiji mwaka uliotangulia. Stanley aliondoka Machi kurudi pwani. Livingstone alibaki hadi Agosti, akisubiri watu ambao Stanley aliahidi kumtumia kutoka Zanzibar. Tembe hilo lilikuwa la aina ya wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili: udongo uleule na paa bapa lilelile, lakini kuta nene na milango ya nakshi kama ya Unguja. Mwaka uliofuata Livingstone alifariki, na watumishi wake Chuma, Susi na wenzao walipoubeba mwili wake kuelekea Bagamoyo, walipita tena Unyanyembe, eneo lenye Kwihara. Leo tembe la Kwihara ni makumbusho. Nenda na watoto, uwaambie pia habari za Chuma na Susi, maana hao ndio waliofanya kazi ngumu kuliko zote katika hadithi ile.

Misafara mingi kati ya pwani na Tabora ilipita Ugogo, nchi ya Wagogo. Nchi ni kavu, visima ni vichache, na watemi wa Kigogo walijua thamani ya maji yao. Mkuu wa msafara alilipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa nguo, shanga au waya kabla watu wake hawajanywa. Wasafiri wa Ulaya wamejaza kurasa wakiilalamikia hongo ile. Mimi naiona kuwa ada ya haki: mtu akija kwako na wapagazi mamia, akamaliza kisima ambacho wanao wanakitegemea hadi Novemba, asilipe?

Je, wajua kwamba ni vigumu kwa sheria yetu kulitambua tembe kuwa nyumba ya kale? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jumba la mawe la Kilwa linapita bila shida. Lakini tembe hukandikwa upya, boriti iliyoliwa na mchwa hubadilishwa, paa huongezwa udongo kila linapovuja. Ufundi una umri mkubwa, kuta zina umri mdogo. Waingereza wamelifikiria jambo hili kwa namna nyingine. Tangu mwaka 1947 sheria yao ya mipango miji huorodhesha hata nyumba ndogo za wakulima, na nyasi za paa zinazobadilishwa zinapochakaa haziivunjii nyumba heshima yake. Nadhani hapo wametuzidi, na hakuna aibu kujifunza.

Historia yetu nayo ilikuwa na mkono wake katika kupungua kwa matembe. Baada ya ukame, Operesheni Vijiji ilianza Dodoma mwaka 1971, kabla ya kufika mikoa mingi. Watu walihamishiwa kwenye viwanja vilivyopangwa mstari, na ua wa ng'ombe wenye vyumba pande zote haukutoshea kwenye mstari ule. Kisha ikaja kampeni ya nyumba bora, yaani tofali na bati. Kuna ukweli mchungu ambao hatuwezi kuuficha: tembe hula miti mingi, na sakafu yake yenye nyufa ni maficho ya papasi, wadudu wanaoleta homa ya papasi inayorudi tena na tena. Mama aliyewahi kumwuguza mtoto kwa homa hiyo alikuwa na sababu ya kutaka saruji. Ila dawa ya papasi ni sakafu iliyosakafiwa vizuri, kuta zilizokandikwa bila nyufa, na kitanda kilichoinuka na kuachana na ukuta. Si lazima tembe lote livunjwe.

Je, wajua kwamba huko Uingereza shirika moja huokoa nyumba zinazoanguka kwa kuzipangisha kwa ajili ya likizo? Ni Landmark Trust, lililoanzishwa mwaka 1965 na John Smith na mkewe Christian. Hutafuta jengo la kale lililoachwa, hulikarabati kwa ufundi wake wa asili, kisha hulipangisha kwa familia kwa siku chache. Kodi ndiyo inayolipia matunzo yake. Sasa wana majengo yapatayo 200, na hawaweki televisheni. Familia hupika, husoma vitabu, hucheza karata, huzungumza.

Fikiria jambo hilo hapa kwetu. Treni ya mwendokasi imekuwa ikifika Dodoma kutoka Dar es Salaam tangu Julai 2024, na familia ikipanda asubuhi inakula chakula cha mchana makao makuu. Ihumwa, alikozaliwa Mathias Mnyampala mwaka 1917, yule mshairi aliyeandika historia, mila na desturi za Wagogo, iko jirani na Mji wa Serikali wa Mtumba. Matembe mawili matatu yaliyojengwa upya na mafundi wazee, yenye sakafu safi, vyoo vya maji na vyandarua, yangewapa watoto wa mjini kitu ambacho hoteli haina: ugali wa uwele na mlenda jioni, zeze na ilimba uani, na sauti ya ng'ombe wakicheua ng'ambo ya ukuta. Kwa sasa, anayetaka kuona tembe bila kutoka Dar es Salaam aende Kijiji cha Makumbusho kwenye Barabara ya Bagamoyo. Ni pazuri, lakini hapalali mtu pale.

Anayefika Dodoma asiishie mjini. Barabara ya Kondoa ni lami. Baada ya Kondoa mjini kuna kijiji cha Kolo, ambako kwenye ofisi ya mambo ya kale utalipa kiingilio na kupewa mwongozaji. Huko milimani ndiko kwenye malazi ya zamani kuliko matembe yote: vibanda vya miamba walimojistiri wawindaji, wakachora wanyama na watu kwa rangi nyekundu ukutani. UNESCO iliviingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, katika eneo la kilomita za mraba 2,336, na idadi yake inakadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Mary Leakey alinakili michoro mingi mwaka 1951, na kitabu chake kikatoka mwaka 1983. Baadhi ya miamba hiyo wenyeji bado huitumia kwa matambiko, kwa hiyo msikilize mwongozaji, usiguse ukuta, wala usimwagie mchoro maji ili picha yako ya simu ing'ae. Maji hayo huiondoa rangi.

Na kama wewe ni mtu wa Manyoni, Kongwa au Mvumi, na babu au bibi yako bado ana tembe lililosimama, usingoje shirika. Likizo ya Juni wapeleke watoto wakalale humo. Mlipe fundi aliyebaki kijijini akague boriti na aongeze udongo juu ya paa kabla ya mvua za Novemba, na mwanao mkubwa ashike ndoo, amsaidie.