Kabla ya Bei, Kovu Lionwe

Anayeuliza bei ya kuondoa keloidi, lile kovu gumu linalofura kwenye ndewe baada ya kutoga sikio, au kidevuni baada ya kunyoa, anauliza swali la haki kabisa. Inayokosea ni kliniki inayomtajia bei ya kukata papo hapo na kumpangia siku. Jibu la kwanza linalotoka mapokezi, iwe Mbagala, Tandika au Tegeta, tayari ni sehemu ya matibabu, kwa sababu humwaminisha mgonjwa kwamba tatizo lake linamalizwa na kisu. Keloidi haimalizwi hivyo. Ikikatwa bila tiba nyingine ya kuisindikiza, hurudi kwa wagonjwa wengi. Tafiti zilizochapishwa hutaja kati ya asilimia 45 na 100, na pengine inayorudi huwa kubwa kuliko iliyoondolewa.

Sababu iko katika namna ngozi inavyojiponya. Penye jeraha, seli hutengeneza kolajeni, nyuzi za protini zinazoziba pengo, kisha kazi hiyo hupungua. Kwenye keloidi haipungui ipasavyo: kolajeni hurundikana mpaka kovu linavuka mipaka ya jeraha la awali. Na kisu ni jeraha jipya kwenye ngozi ileile. Hali hii huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, na mara nyingi huandama ukoo. Kwa kuwa kisu peke yake hakitoshi, madaktari hutumia sindano za dawa iitwayo triamsinoloni zinazochomwa ndani ya kovu, zikirudiwa kila baada ya wiki kadhaa, peke yake au pamoja na upasuaji. Zipo pia tiba za mgandamizo na za mionzi. Lakini kuna kovu jingine lililotuna bila kutoka nje ya mstari wa jeraha, na hilo huweza kunywea lenyewe kadiri miezi inavyopita. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp haitoshi kuyatofautisha. Haisemi kovu lina umri gani, kama linawasha, kama ndugu wa damu wanalo, wala kama anayeuliza ni mjamzito, na ujauzito huweza kulikuza.

Wapo watakaosema mtu wa Chamazi hawezi kukosa kibarua cha siku nzima na kulipa nauli ya daladala kwenda kusikiliza jambo asilojua gharama yake. Hoja hiyo ni nzito, na nakubaliana nayo kuliko ninavyokubaliana na wanaoficha bei kwa kisingizio cha taaluma. Basi atajiwe ada ya kumwona daktari, aelezwe kwamba tiba huenda kwa awamu, kwamba sindano huweza kupausha ngozi na kuifanya nyembamba, na kwamba atafuatiliwa kwa miezi mingi. Bei ya kukata peke yake, hata ikiwa sahihi, inamficha safari zote za kurudi.

Mwenye kliniki atahofia kwamba jirani anayejibu upesi atamchukulia mteja. Huenda. Uingereza, ambako ushindani huo ni mkali, baraza la madaktari lilitoa mwongozo ulioanza Juni 2016 ukimtaka daktari atakayefanya tiba ya urembo azungumze mwenyewe na mgonjwa kuhusu ridhaa na kumwachia muda wa kufikiri. Hapa kwetu, mgonjwa anayo haki ya kuuliza kama daktari atakayemtibu amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na mapokezi yajibu bila kununa.

Wanaoyaona haya kuwa anasa wawafikirie wengine wanaohitaji upasuaji rekebishi: mtoto aliyezaliwa na mdomo sungura, au aliyeungua mafuta ya moto mpaka kidevu kikashikana na kifua. Wazazi wao nao huanza kwa kuuliza bei kwenye kliniki ya karibu. Hospitali ya CCBRT, pale Msasani, hufanya upasuaji wa aina hiyo. Mpokea simu wa kliniki ndogo ya Temeke awe na namba ya huko mezani kwake, na aitoe hata kama kliniki yake haitaambulia kitu.