Maji ya mbuyu yana kazi nyingine

Kiangazi kikikolea Tarangire, tembo huihamia mibuyu. Huchoma shina kwa pembe, huchuna gome, kisha hutafuna nyuzi laini za ndani kwa ajili ya maji yake. Ukiwatazama utaafiki tuliyoyasikia tangu utotoni: mbuyu ni tangi, hujaza masika, hujinywesha kiangazi.

Tangi lipo kweli. Saskia Chapotin na wenzake waliopima mibuyu ya Madagaska walikuta maji yakifikia asilimia 79 ya mbao zake. Lakini matokeo waliyochapisha mwaka 2006 yanatibua hadithi yetu. Mbuyu huchota akiba ya shina ili kuchipuza majani mapya kabla mvua haijanyesha, basi. Majani yakishatoka, vile vitundu vyake vya kupumulia havifunguliwi sawasawa mpaka ardhi ilowe. Ubahili wa namna hii, na tumbo lote lile!

Sababu iko kwenye ubao wenyewe. Ni mwepesi na laini mno, seremala hana kazi nao. Kinachoukaza ni seli zilizojaa maji, kama mpira unavyokazwa na upepo. Mbuyu ukiyanywa maji yake ovyo, unakunywa mifupa yake.

Ndiyo maana taarifa ya Adrian Patrut na wenzake ya mwaka 2018 ilinikaa kichwani. Katika mibuyu 13 mikongwe zaidi waliyoipima umri Afrika, 9 ilikuwa imekufa au sehemu zake za kale zimeporomoka tangu 2005. Mmoja, Panke wa Zimbabwe, ulikuwa na miaka ipatayo 2,450. Hawakuona dalili za ugonjwa wa mlipuko. Wanashuku joto na ukame, ingawa walikiri kwamba ushahidi zaidi unahitajika, na mimi naheshimu mwanasayansi asiyezunguka mbuyu.

Uchunguzi wa jeni uliotoka mwaka 2024 uliitaja Madagaska kuwa chimbuko la ukoo huu. Aina 6 kati ya 8 hazioti penginepo. Moja iko Australia, na nyingine ndiyo hii yetu, yenye kromosomu 168 wakati ndugu zake wana 88. Aina iitwayo suarezensis, ya ncha ya kaskazini ya kisiwa hicho, imebaki na jeni zinazofanana mno, hivyo haina mengi ya kuchagua hali ya hewa ikigeuka.

Kwetu huku tatizo huanzia chini kabisa. Msemo wa mbuyu na mchicha tunaujua. Mche wenyewe hatuujui. Majani yake ya mwanzo ni moja moja, hayajagawanyika kama vidole vya mkono. Tumbo hauna. Akiba yake iko ardhini, kwenye mzizi ulionona kama muhogo mchanga, ndio unaouvusha kiangazi cha kwanza. Wakati wa palizi, jembe huuondoa pamoja na magugu.