Gari la babu lililolala uani miaka 16

Mzazi mwenzangu, kama uani kwenu kuna gari bovu na kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma, makala hii ni yako.

La kwetu hapa Karatu ni Land Rover 109 ya Series III, toleo lililoundwa kuanzia 1971 hadi 1985. Baba mkwe alilitumia kubeba vitunguu kutoka Mang'ola. Alifariki 2009 na gari likabaki pale pale alipoliegesha. Oktoba 2024, Land Rover zilipojazana Arusha kwenye tamasha lao, mume wangu alikwenda na kijana wetu wa miaka 13. Waliporudi, hata chai hawakunywa. Walikwenda moja kwa moja uani na tochi.

Kazi yenyewe ilianza masika yaliyofuata. Mume wangu ni dereva wa watalii, na Aprili na Mei safari za Ngorongoro hupungua, akawa nyumbani. Bodi ya gari hili ni ya aluminiamu, kwa hiyo juu lilionekana zima. Chesisi ndiyo ya chuma, na huko ndiko kutu hujificha. Baba na mtoto walilala chini wakiigonga kwa nyundo: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya kopo lililojaa mchanga. Sehemu mbili za nyuma zilihitaji fundi wa kuchomelea.

Mimi nilikuwa na amri mbili. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na brekishu za enzi hizo zinaweza kuwa na asbestosi. Basi msasa upigwe kwa maji, vumbi la breki lifutwe kwa kitambaa kilicholowa, lisipulizwe, na mdogo wake wa miaka minne asikanyage uani. Walinicheka.

Jambo ambalo sikulifikiria ni jeki. Udongo wa masika ni laini. Siku moja walikuwa wamefungua tairi la mbele, na kijana yuko chini akihangaika na nati. Spana za milimita hazikai sawasawa kwenye gari hili, zinakula kona za nati; linataka za inchi. Akatoka kwenda kuifuata ndani. Hajafika mlangoni, jeki ikazama na gari likaanguka. Nilisikia mshindo nikiwa jikoni. Sitaeleza nilichomwambia mume wangu siku ile.

Kazi ilisimama wiki mbili. Nilikubali irudi kwa masharti: ubao mpana chini ya jeki, stendi za chuma (tofali hupasuka bila taarifa), magurudumu yaliyobaki yazuiwe kwa mawe, na tairi lililofunguliwa lilazwe chini ya chesisi. Na mtoto haingii chini gari likiwa juu, basi.

Injini iliwaka Juni. Wakateremka Mto wa Mbu vizuri, lakini kurudi, mlima wa Bonde la Ufa ukawashinda: likachemsha kabla ya nusu. Fundi wa kwanza akasema gasketi ya silinda hedi, wa pili akasema rejeta mpya. Mume wangu akanunua pampu ya maji, tena kwa fedha iliyokuwa ya dari la sebule. Likachemsha tena.

Kijana ndiye aliyeuliza kwa nini maji yamekauka kwa madoa pembeni ya kifuniko cha rejeta tu. Walipokitazama, injini ikiwa imepoa kabisa, mpira wake ulikuwa umekuwa mgumu kama ganda la mua. Kifuniko kile kazi yake ni kushikilia presha, na maji yenye presha huchelewa kuchemka. Kwetu hilo ni kubwa: Karatu, kwenye mita kama 1,500, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro kwenye 92. Mapezi ya rejeta nayo yalikuwa yamezibwa na vumbi letu jekundu. Wakayaosha kwa maji ya taratibu kutoka upande wa injini. Hofu ya gasketi waliiondoa bure: hapakuwa na mapovu kwenye rejeta injini ikiwashwa baridi, wala oili haikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kifuniko kipya kilikuwa kitu cha bei ndogo kuliko vyote tulivyonunua.

Gari lilipopona, ndugu wakaliona. Wifi yangu mkubwa alipiga simu: "Wifi, hilo gari ni la baba, si la mumeo." Na alikuwa sahihi. Kadi ilikuwa bado kwa jina la marehemu, na mirathi haikuwahi kufunguliwa mahakamani. Tulitumia fedha kabla ya kuuliza. Tukakaa kikao, mume wangu akaleta daftari la spea na gharama zote, hata ile pampu. Waliafikiana mirathi ifunguliwe kwanza, kisha jina libadilishwe TRA, na gharama zake zihesabiwe kwenye mgawo.

Baada ya kikao wifi akataka kupelekwa hadi lango la Lodoare na kurudi. Alikaa mbele, kiti alichozoea akiwa msichana, na njia nzima ya kupanda macho yake yalikuwa kwenye mshale wa joto.