UNENE SI KOSA, WALA SI USHAHIDI



Siku ya mgao watu hutazamana miili. Aliyekonda hunong'onwa kuwa ana ukimwi. Aliyenenepa huambiwa anakula haki ya wenzake, au ameficha fedha. Karatasi hii inaeleza kwa nini maneno hayo si ya kweli, na jinsi yanavyodhuru.

MAZOEA HAYA YANATOKA WAPI?

Katika nchi zetu nyingi unene ulihesabiwa kuwa dalili ya neema. Miaka ya 1980 ukimwi ulipoenea Uganda, watu waliuita "Slim", kwa kuwa mgonjwa alikonda sana. Hofu ya kukonda ikazidi. Leo mijini mtu mnene huitwa mvivu na mlafi. Hivyo kila mwili umepata lawama yake.

KWA NINI MTU HUNENEPA?

Sababu ni nyingi, na mara nyingi huchanganyika:

- Vyakula vya bei nafuu kama unga, mafuta na sukari hushibisha, lakini vina upungufu wa vitamini na madini. Mtu anaweza kuwa mnene huku ana upungufu wa damu.
- Aliyepata njaa akiwa mchanga huweza kunenepa kwa urahisi zaidi ukubwani.
- Unene hurithiwa katika koo.
- Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na baadhi ya sindano za uzazi wa mpango huongeza uzito. Usiache dawa kabla ya kumwona mganga.
- Kukosa usingizi, mawazo mengi na kukaa bila kazi.

Utafiti wa afya uliofanyika Rwanda mwaka 2019-2020 ulikuta takriban robo ya wanawake wana uzito uliozidi, na watoto 33 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Mambo haya mawili yanaweza kuwa katika nyumba moja.

KEJELI INADHURU VIPI?

Anayechekwa huogopa mizani, na mwishowe huogopa kituo cha afya. Presha na kisukari mara nyingi haviumi mwanzoni. Anayechelewa kupimwa huja wakati figo, macho au moyo umekwisha kuharibika. Mwaka 2020 wataalamu wa nchi mbalimbali walitoa tamko la pamoja, likaungwa mkono na mashirika zaidi ya 100: kumdhihaki mtu mnene hakumponyi, humzidishia ugonjwa na huzuni.

Mjini Kigali, tangu mwaka 2016, kuna Siku Isiyo na Magari. Barabara hufungwa Jumapili asubuhi, watu hutembea na kukimbia, na hupimwa presha na sukari bure. Hupimwa kila anayetaka, mwembamba kwa mnene. Ndivyo inavyofaa: kupima, si kukisia.

HATARI: UVIMBE SI UNENE

Mtoto aliyevimba miguu na uso anaweza kuonekana amenona, kumbe ana utapiamlo mkali. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya nyayo zote mbili, hesabu hadi tatu, kisha achia. Shimo likibaki, mpeleke kituoni SIKU HIYO HIYO. Mama mjamzito aliyevimba uso na mikono naye asingoje.

UKIENDA KITUONI

1. Unaweza kuomba upimwe uzito faragha, bila kutangazwa mbele ya watu.
2. Mkono ukiwa mnene, omba mkanda mpana wa kupimia presha. Mkanda mdogo huonyesha presha ya juu kuliko ilivyo.
3. Ukija kwa kikohozi au maumivu, eleza hayo na uombe uchunguzwe. "Punguza kula" peke yake si uchunguzi.
4. Ukitukanwa, peleka malalamiko kwa kamati ya wakazi au ofisi ya malalamiko.

KUHUSU MGAO

Tangu mwaka 2021 msaada wa chakula katika kambi za Rwanda hupangwa kwa kuangalia mahitaji ya kaya, si kwa kutazama mwili wa mtu. Ukiona wizi wa chakula, toa taarifa ya kitendo ulichokiona. Tumbo la jirani si ushahidi.

Watoto hujifunza matusi kwetu. Tusiwape watu majina ya miili yao.

Tafadhali msomee jirani asiyejua kusoma, kisha mpe mwingine karatasi hii.