Moshi wa Benki

Benki haina dohani. Ukipita mlangoni pake huoni ila makarani, madaftari na watu wangojao zamu yao. Lakini kinu cha umeme kichomacho makaa ya mawe aghalabu hujengwa kwa mkopo, na mkopo hutokana na akiba za watu. Gesi itokayo kinuni hukaa angani miaka mingi ikiizuia hari isitoke, na dunia ikazidi kupata joto. Basi aliyekopesha ana fungu lake katika moshi ule.

Je, nani wa kumwuliza? Wengi walidhani benki zitajiuliza zenyewe. Mwezi wa Aprili 2021, chini ya kivuli cha Umoja wa Mataifa, benki 43 ziliungana zikaahidi kuwa ufikapo mwaka 2050 mikopo yao haitazidisha tena gesi hizo angani. Baadaye zikapita 100. Lakini ahadi ilikuwa ya hiari, haina hakimu wala faini. Upepo wa siasa ulipogeuka Marekani, benki sita kubwa za huko zilijitoa baina ya Desemba 2024 na Januari 2025, na Oktoba 2025 umoja wenyewe ukavunjwa. Haukutimiza hata miaka mitano! Mwezi huo huo wasimamizi wa benki wa Marekani nao wakayafuta maelekezo juu ya hatari hizi waliyozipa benki kubwa mwaka 2023.

Huenda mtu akasema: mambo ya hewa ni ya wizara, benki kuu na iangalie fedha. Mark Carney, aliyekuwa gavana wa Benki Kuu ya Uingereza, alilijibu neno hilo mwaka 2015 mbele ya watu wa bima mjini London. Mafuriko yakibomoa nyumba iliyowekwa rehani, deni hulipwa na nani? Na sheria zikibadilika, mgodi wa makaa uliokopeshewa mamilioni waweza kupoteza thamani. Tena alionya kuwa madhara makubwa yatafika wakati wenye madaraka wa leo wamekwisha ondoka, ndiyo sababu hawaoni haraka.

Ulaya wameshika njia ya amri. Benki Kuu ya Ulaya iliitaka ABANCA, benki ya Hispania, ipime hatari hizo kwa muda uliowekwa. Ilipochelewa, mwaka 2025 ilitozwa Euro 187,650. Kwa benki, hizo ni peremende. Hata hivyo faini ya namna hiyo haikuwahi kutozwa kabla.

Kwetu Afrika ya Mashariki, Benki Kuu ya Kenya ilitoa mwongozo wake Oktoba 2021, kuzitaka benki zipime hatari za tabia ya nchi katika mikopo. Nauunga mkono, ila nina hofu moja. Karani akiambiwa atafute penye hatari, wa kwanza kumwona ni mkulima wa Kilifi, ambaye tangu mwisho wa 2020 mvua zilimkosesha msimu baada ya msimu. Mtu huyu hakuchoma makaa ya mtu. Akinyimwa fedha za kuchimba kisima kwa kuwa shamba lake ni kavu, mwongozo utakuwa umemwacha mwenye moshi na kumshika mwenye kiu. Msimamizi basi asitosheke na kuhesabu hatari: azidai benki zimwonyeshe pia ni mikopo mingapi iliyokwenda kwenye visima, na mingapi kwenye makaa.