Mtoto Asiyeshika Asikiacho Darasani

Watoto wawili huketi dawati moja, humsikiliza mwalimu mmoja, kwa saa ile ile. Jioni baba akiuliza, "Leo mmefundishwa nini?" mmoja ataeleza habari za mito na milima kana kwamba ameiona kwa macho yake, na wa pili atakwaruza ukuta kwa kidole na kusema, "Nimesahau." Katika nyumba nyingi hapo ndipo lawama huanza. Huyu wa pili huitwa mvivu, mpumbavu, mtoto asiye na masikio; na ikiwa yuko mzee karibu, hakosi kusema kwamba sikio la kufa halisikii dawa.

Nadhani mithali hiyo imewadhulumu watoto wengi. Maana kabla ya kusema ya kwamba mtoto hataki kushika, yatupasa kwanza kuuliza kama anasikia, kama alisikialo analielewa, na kama limetiwa akilini mwake kwa namna ambayo laweza kukaa. Maswali hayo ni matatu, wala si mamoja. Mtoto aweza kushindwa kwa lolote kati yake, na huku sura yake darasani ni ile ile: macho yamemkodolea mwalimu, na kichwani hamna kitu.

Namjua kijana mmoja, mtoto wa jirani yangu, aliyekuwa katika darasa la tano. Kazi za kunakili kutoka ubaoni alizifanya vizuri, na hesabu akizikuta kitabuni alizimaliza kabla ya wenzake. Lakini hesabu za kutajiwa kwa mdomo, na imla, na maelezo ya historia, zilimpita kama upepo. Mwalimu wake aliandika katika ripoti ya muhula maneno mawili tu: "Hana bidii." Baba yake ni seremala, mtu mwema lakini mwepesi wa hasira. Alikuja barazani kwangu na ripoti ile mkononi akaniambia, "Ndugu yangu, sare na vitabu navitafuta kwa jasho. Ikiwa hasomi, na aje ashike randa." Mtoto alikuwa amesimama nyuma yake, naye hakuonyesha kwamba amesikia hukumu iliyokuwa ikitolewa juu yake. Nitarudi kwa habari zake baadaye.

Kwanza tuitazame akili yenyewe. Akili ya mwanadamu ina mahali padogo pa kuwekea jambo lililosikiwa sasa hivi, kabla halijatupwa au kuhifadhiwa. Mahali hapo si ghala, ni kibaba. Mtu akikutajia namba ya simu yenye tarakimu kumi, nawe huna kalamu, utakwenda ukiinong'ona njia nzima, na mpita njia akikusalimu imekwisha. Katika mwaka 1956 mtaalamu mmoja wa Marekani, George Miller, aliandika makala iliyopata sifa nyingi, akaonyesha ya kuwa mtu mzima aweza kushika mambo saba hivi kwa mara moja, pengine matano, pengine tisa. Katika mwaka 2001 mwenzake, Nelson Cowan, aliona ya kwamba hata saba ni mengi mno: mtu asipopata nafasi ya kuyarudia moyoni wala kuyafunga mafungu mafungu, hushika kama manne tu. Na kibaba cha mtoto ni kidogo kuliko cha mtu mzima.

Tena kibaba hicho hupimwa kwa muda. Katika mwaka 1975 Alan Baddeley na wenzake, huko Uingereza, walionyesha kwamba twashika maneno kadiri tuwezavyo kuyatamka katika sekunde mbili hivi. Kwa hiyo maneno marefu huenea machache kuliko mafupi. Miaka mitano baadaye jambo hilo lilifumbua fumbo moja. Ilikuwa imeonekana kwamba watoto wa Wales wakitajiwa tarakimu kwa lugha yao hushika chache kuliko watoto wanaopimwa kwa Kiingereza. Watafiti wawili walichunguza, wakaona sababu si upungufu wa akili hata kidogo, bali ni kwamba majina ya tarakimu katika lugha ya Wales huchukua muda mrefu zaidi kuyatamka. Sisi pia tusemapo moja, mbili, tatu, hutamka silabi mbili kwa kila tarakimu, hali Mwingereza karibu kila moja huitamka kwa silabi moja.

Sasa mwangalie mwalimu asimamaye mbele ya darasa na kusema kwa pumzi moja: "Fungeni vitabu vya hesabu, toeni madaftari ya sayansi, andikeni tarehe na kichwa cha somo, chora kila mtu mmea niliowaonyesha jana, lakini mizizi msiianze mpaka niwaambie." Hiyo ni debe inayomiminwa katika kibaba. Mtoto mwenye kibaba kidogo hufunga kitabu, hutoa daftari, kisha husimama hapo hapo, kwa kuwa yaliyobaki yamemwagika. Akigeuka kumtazama jirani yake ili ajue kinachofuata, mwalimu humwona mtundu anayeiba kazi ya mwenzake. Susan Gathercole na Tracy Alloway, waliowachunguza sana watoto wa namna hii huko Uingereza, waliona kwamba waalimu mara nyingi husema watoto hawa hawasikilizi, wala ni nadra mwalimu kufikiri ya kuwa ni kumbukumbu iliyoelemewa. Mimi siwalaumu waalimu. Mwenye watoto sitini au themanini mbele yake hana nafasi ya kukipima kibaba cha kila mmoja. Na tangu Januari 2003, ada za shule za msingi zilipoondolewa nchini Kenya na watoto zaidi ya milioni moja wakaingia kwa pamoja, madarasa ya namna hiyo yamekuwa jambo la kawaida katika wilaya nyingi.

Kisha iko shida ya lugha, ambayo kwetu Afrika ya Mashariki ndiyo kubwa, na ambayo vitabu vya Wazungu huigusa kwa nadra, kwa kuwa watoto wao wengi hufundishwa kwa lugha walionyonya nayo. Kamati ya Gachathi ilishauri mwaka 1976 kwamba mtoto wa Kenya afundishwe kwa lugha ya mahali pake katika madarasa matatu ya kwanza, kisha Kiingereza kishike kazi kutoka darasa la nne. Katika Tanzania badiliko hilo huja baadaye zaidi: mtoto asomaye shule za serikali hufundishwa kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi, na aingiapo sekondari hukuta kila somo, isipokuwa Kiswahili chenyewe na machache mengine, likisemwa kwa Kiingereza. Watu wamebishana mno juu ya mpango huo, nami leo sitaki kuingia katika vita hivyo. Nataka msomaji aone kazi anayopewa mtoto siku ile ya kwanza. Asikiapo sentensi, lazima aikate maneno, alitafute kila neno maana yake, alinganishe maana hizo, na huku mwalimu amekwisha kuanza sentensi ya pili. Kibaba chote kimejaa tafsiri. Habari ya mizizi na majani haikupata pa kukaa. Mtoto huyo huyo, ukimweleza habari ile kwa Kiluo au Kikamba au Kiswahili, atakurudishia yote. Basi ni nani aliyesema hana akili?

Nimesikia wazee wa pwani wakijibu kwamba zamani watoto walisikia kwa masikio tu, tena lugha isiyo yao, na wakashika. Ni kweli. Katika vyuo vya Kurani toka Lamu hata Pemba watoto wengi walihifadhi sura nyingi kabla hawajajua maana ya neno moja la Kiarabu. Lakini tazama ilifanywaje. Mwalimu hakusema mara moja akapita. Alitoa kipande kifupi, mtoto akakiandika ubaoni, akakisoma kwa sauti, akakirudia pamoja na wenzake mpaka jirani wakachoka, na kesho yake kabla ya kupewa kipya akatakiwa atoe cha jana bila ya kutazama. Hata neno letu la kudurusu, maana yake kulirejea somo, ni neno la Kiarabu. Viboko vilikuwapo pia, sikatai, lakini sidhani ndivyo vilivyofanya kazi.

Wataalamu wa leo wamefika pale pale kwa njia yao. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alijifanya mwenyewe mwanafunzi na mtahini: alijifunza orodha za silabi zisizo na maana, akapima ni kiasi gani kimebaki. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1885 alionyesha ya kwamba baada ya saa moja tu zaidi ya nusu ya kazi yake ilikuwa imepotea, na baada ya siku moja theluthi mbili hivi. Kisha upotevu hupungua kasi, na kilichosalia hudumu. Yaani usahaulifu hufanya haraka yake yote mwanzoni, saa ile mtoto yuko njiani kurudi nyumbani. Na katika mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Marekani, waliwapa wanafunzi habari fupi waisome. Wengine waliisoma tena mara ya pili. Wengine walifunga karatasi wakaandika wanayoyakumbuka. Baada ya dakika tano waliosoma mara mbili walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojitahini wenyewe walikumbuka asilimia 56, na wale waliorudia kusoma asilimia 42. Nafikiri mwalimu wa chuo, aketiye juu ya mkeka akisema, "Haya, toa ya jana," asingeshangaa.

Sasa yabaki masikio yenyewe, nayo nimeyaacha mwisho kwa kuwa ndiyo tunayoyasahau kabisa. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2021 kwamba watoto milioni 34 ulimwenguni wana uziwi wa kiasi cha kuhitaji msaada, na kwamba karibu asilimia 60 ya uziwi wa watoto hutokana na mambo yawezayo kuzuiwa. Moja katika hayo ni usaha wa sikio. Kwetu usaha huo huhesabiwa kama kamasi, jambo la utoto litakalokwisha lenyewe. Sivyo. Usaha utokao wiki mbili na zaidi ni dalili kwamba ngoma ya sikio imetoboka, na mtoto asipelekwe kwa mtu wa kumtilia mafuta ya moto au maziwa, bali zahanati, asafishwe na kupewa dawa ya matone.

Iko nyingine ya siri zaidi. Mafua yakimshika mtoto mara kwa mara, maji mazito hukaa nyuma ya ngoma ya sikio pasipo maumivu wala usaha. Mtoto husikia, lakini kama mtu aliyezamisha kichwa majini. Wiki hii maji yamejaa, wiki ijayo yamepungua, kwa hiyo leo haitiki, kesho aitika, na watu wazima husema, "Huyu husikia akitaka." Pengine hakuna maneno yaliyompatia mtoto asiye na kosa makofi mengi kuliko hayo. Na shule zetu nazo huongeza taabu: paa la mabati lisilo na dari, madirisha wazi, darasa la pili likiimba upande wa pili wa ukuta. Mvua ya alasiri ikianza, hata mwenye masikio mazima humwona mwalimu akifungua na kufumba kinywa tu.

Yule mtoto wa seremala alikuwa na usaha katika sikio la kulia tangu alipokuwa mdogo, nao mama yake alikuwa akiupangusa kwa kitambaa kila asubuhi bila ya kuufikiria. Nilimshauri baba yake ampeleke katika kimoja cha vile vituo vya kuwapima watoto vilivyoanzishwa nchini Kenya tangu mwaka 1984. Alikwenda kwa kunung'unika, maana alipoteza kazi ya siku nzima. Huko walikuta sikio la kulia halisikii vizuri, na la kushoto ni zima. Darasani alikuwa akiketi karibu na dirisha, mkono wa kushoto wa chumba, sikio bovu likimwelekea mwalimu na lile zima likisikiliza matatu za barabarani.

Alipewa dawa, akahamishwa dawati la mbele upande wa pili. Mwalimu wake, na namsifu kwa hili kwa kuwa hakuona haya kubadili neno lake, alianza kuandika ubaoni maneno makuu ya kila somo kabla ya kuyasema, na kumwita mtoto mmoja mmoja arudie agizo kabla ya kazi kuanza. Wengi wa darasa lile walifaidika, pamoja na wale ambao masikio yao hayana kasoro.

Haikuwa muujiza. Imla bado humshinda, na tarehe za historia huzichanganya. Lakini jioni nipitapo karakana ya baba yake humwona amekaa juu ya rundo la mbao akimsimulia somo la siku ile kwa Kiswahili, bila ya daftari. Baba huendelea kupiga randa. Mtoto akikwama, randa husimama, na baba huuliza, "Ehe, kisha?"